Bantamu halisi au kuku mdogo tu? Mzazi amshike mkononi kabla ya kulipa

Mara nyingi anayenunua kuku wa bantamu si mfugaji. Ni mzazi aliyeombwa na mtoto. Picha imeingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: kuku wa mviringo kama mpira, manyoya hadi vidoleni, na chini yake bei ambayo pale Bariadi ingeweza kununua mitetea kadhaa ya kienyeji. Mtoto keshaiona. Muuzaji naye ana jibu la kila swali: "Mayu, huyu ni bantamu halisi, hakui tena, na anataga kila siku."

Katika sentensi hiyo moja kuna madai matatu. Kwamba kuku ni wa aina inayotajwa, kwamba ameshakomaa, na kwamba mayai yatapatikana. Yote matatu yanaweza kukaguliwa kwa macho na vidole, papo hapo mnadani, kabla fedha haijatoka mfukoni. Na inafaa yakaguliwe, kwa sababu katika nyumba nyingi za Simiyu fedha ya kuku wa mapambo na fedha ya yai la mtoto hutoka kwenye mfuko mmoja.

Tuanze na jina lenyewe. Bantamu ni neno lililotokana na Banten, bandari ya zamani katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Mabaharia wa Ulaya walichukua kuku wadogo huko, wakawapa jina la bandari. Baadaye jina likaenea kwa kuku yeyote mdogo, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Wapo bantamu ambao aina yao haina ndugu mkubwa kabisa, na wapo waliopunguzwa kwa makusudi kutoka aina kubwa, vizazi kwa vizazi, kwa kuchagua wadogo na kuwapandisha wao kwa wao. Kwa hiyo "bantamu" peke yake ni ukubwa. Aina ni jina la pili, na hilo ndilo muuzaji anapaswa kulitaja: Sebright, Pekin, Silkie, Serama, Chabo.

Kila aina kati ya hizo ina maelezo yake ya maandishi. Uingereza ilichapisha kitabu cha kwanza cha viwango vya kuku wa maonyesho mwaka 1865, na Marekani ikafuata mwaka 1874. Katika maonyesho ya huko, mwamuzi hamtazami kuku kwa mbali na kusema amependeza. Humtoa kizimbani, humshika, huhesabu vidole, hufungua bawa, hutazama upanga wa kichwani, rangi ya mguu na pembe ya mkia, na kila kiungo kina alama zake katika jumla ya 100. Kuku mzuri kwa kila kitu anaweza kuondolewa kwa sababu ya vinyoya vichache vilivyoota kwenye mguu unaotakiwa kuwa mtupu.

Wakazi wa Simiyu hawako mbali na maonyesho. Tangu sherehe za Nane Nane kitaifa zilipofanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, familia nyingi zimezoea kuwapeleka watoto kuona mifugo vizimbani. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Nane Nane huridhika na kutazama. Mnunuzi anahitaji tabia ya yule mwamuzi.

Vidole, upanga na mguu

Silkie ndiye rahisi kumtambua, na ndiye anayeigizwa zaidi. Manyoya yake hayana ule mshikamano wa unyoya wa kawaida. Ni laini kama pamba iliyochambuliwa, kitu ambacho mtoto yeyote wa Bariadi anakijua. Chini ya manyoya hayo ngozi ni nyeusi. Kichwani ana kishungi. Ngozi ya chini ya sikio huelekea bluu. Kisha vidole: kuku wa kawaida ana 4 kila mguu, Silkie ana 5. Ukipuliza manyoya ya kifua ukaona ngozi ya pinki au ya njano, au ukihesabu vidole 4, huyo ni chotara hata kama ni mweupe na laini. Jambo la kuchekesha ni kwamba wenyewe wenye viwango hawakubaliani: Marekani humweka Silkie kwenye bantamu, ilhali Uingereza humtambua kama kuku mwepesi wa kawaida, na kuwa na bantamu wake pembeni.

Pekin ndiye yule mpira wa kwenye picha. Ni mfupi, mpana, ameinamia mbele kidogo, na manyoya ya miguu yanashuka hadi kufunika kidole cha nje na cha kati. Upanga wake ni mmoja, umesimama kama msumeno. Wamarekani humwita Cochin mdogo. Kwa uzito, jogoo wake hafikii kilo moja. Ukimwinua na mkono ukaona mzigo, ujue huyo ni chotara wa kuku mkubwa wenye manyoya miguuni.

Sebright alitengenezwa na Mwingereza mmoja, Sir John Sebright, mwanzoni mwa karne ya 19. Kila unyoya wake, wa dhahabu au wa fedha, umezungushiwa mstari mwembamba mweusi kama ukingo wa kitenge. Upanga wake ni bapa, una vinundu, na ncha yake inaelekea nyuma. Ila alama kubwa ipo kwa jogoo: hana yale manyoya marefu ya mkiani yaliyopinda kama mundu, wala ya shingoni yenye ncha kali. Amevaa manyoya ya mtetea. Muuzaji akionyesha jogoo wa "Sebright" mwenye mkia mrefu unaoning'inia, mazungumzo yanaweza kuishia hapo.

Serama, wa Malaysia, ni mdogo kuliko wote. Wengi hawafikishi nusu kilo. Husimama amebenua kifua hadi kichwa kinaelekea mkiani, na mabawa yanashuka wima. Chabo, wa Japani, ana miguu mifupi kiasi kwamba tumbo linakaribia kugusa ardhi, na mkia umesimama juu ukikikaribia kichwa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi na pengine wengine hawalijui. Karibu kila alama moja iliyotajwa ipo pia kwa kuku wetu wa kienyeji. Wapo wenye kishungi, wenye manyoya miguuni, wenye vidole 5, wasio na mkia, wenye miguu mifupi, wenye manyoya yaliyopinda kuelekea mbele wanaoitwa kidimu, na wenye shingo tupu, yaani kishingo. Kwa hiyo alama moja haimtaji mtu. Silkie ni manyoya, ngozi, kishungi na vidole kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, bei irudi chini.

Udanganyifu wa kawaida zaidi wala hauhitaji ujuzi wa aina. Ni kuuza kifaranga aliyekua nusu kama bantamu mzima. Mtetea wa kienyeji wa miezi 3 ni mdogo, mchangamfu na anapendeza. Baada ya miezi mingine 3 amekuwa kuku wa kawaida na muuzaji amebadilisha namba. Kipimo ni kifua. Mnunuzi apapase mfupa wa kifua hadi mwisho wake wa nyuma. Kwa kuku mchanga ncha hiyo ni laini na inapinda kama sikio. Kwa aliyekomaa ni ngumu. Jogoo mzima ana kipi kinachoonekana juu ya mguu, si kinundu tu kama harage. Upanga wa mtetea anayetaga ni mwekundu na umejaa, si mkavu wala wa rangi hafifu.

Wadogo wa hapa nyumbani

Kabla ya kutamani wa Java na Japani, mzazi ajue Tanzania ina wadogo wake. Ching'wekwe, wanaopatikana zaidi Morogoro na maeneo ya Wamasai, wana umbo dogo: jogoo kwa wastani ni kilo 1.6 hivi na mtetea 1.2. Kuku wa Pemba nao wako karibu na hapo. Hawa si bantamu kwa kipimo cha vitabu, maana bantamu wengi hawafikii hata kilo moja, lakini ni wadogo kwa asili, wanajua kujitafutia, na wanasifika kwa kutaga vizuri.

Upande wa pili yuko Kuchi, ambaye Kanda ya Ziwa ndiyo nyumbani kwake. Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ilitoka Shinyanga, mkoa ambao kila maelezo ya Kuchi huutaja. Yeye ni kinyume cha bantamu: mrefu, amesimama wima kama askari wa gwaride, manyoya machache hasa kifuani, upanga mdogo, mdomo mfupi uliopinda, na uso wenye ukali. Jogoo hufika kilo 2.5 na zaidi. Vinasaba vyake vimehusishwa na kuku wa mapigano wa Asia. Ukimwelewa Kuchi, umeelewa maana ya aina: mtu wa Maswa anaweza kumtambua akiwa mita 50, bila kitabu, kwa sababu alama zake zinakuja pamoja na zinarudi kwa vifaranga.

Hilo la vifaranga ndilo swali bora la kumuuliza muuzaji: "Naomba kuona wazazi wake." Aina iliyotulia huzaa mfano wake. Asiye na picha ya mama na baba, ila ana picha nyingi za mitandaoni za kuku waliopigwa kwenye majani mabichi ya Ulaya, keshajibu.

Miguu mifupi na mayai yasiyoanguliwa

Zipo alama mbili ambazo hata aina ikiwa halisi hazirudi kwa vifaranga wote, na hapa familia nyingi hupoteza mayai bila kujua kwa nini.

Ya kwanza ni miguu mifupi ya Chabo. Kinasaba kinachoifupisha kikirithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, kuku anaishi salama na miguu yake mifupi. Kikirithiwa kutoka kwa wote wawili, kiinitete hufa ndani ya yai katika siku za mwanzo za kuatamiwa. Hesabu yake haina huruma: jogoo mfupi kwa mtetea mfupi, robo ya mayai yaliyorutubishwa hayatatoa kitu, nusu watakuwa wafupi, na robo iliyobaki watakuwa na miguu mirefu. Katika mayai 8, ni kama mawili yameshapotea kabla mama hajakaa juu yake. Watu husema kuku ana mkosi, au mayai yalitikiswa na radi. Dawa ni rahisi: jogoo wa miguu mirefu kwa mtetea wa miguu mifupi, au kinyume chake. Vifaranga watagawanyika nusu kwa nusu na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo.

Ya pili ni kidimu. Mwenye nakala moja ya kinasaba hicho ana manyoya yaliyopinda vizuri, ndiye anayetamaniwa. Kidimu kwa kidimu, baadhi ya watoto hupata nakala mbili, na manyoya yao hukatika hovyo hadi wanabaki karibu uchi, wakiungua jua mchana na kutetemeka alfajiri.

Kishingo naye ana hadithi yake, nzuri zaidi. Mwenye nakala moja ana kifungu kidogo cha manyoya mbele ya shingo, kama tai. Mwenye mbili shingo ni tupu kabisa. Ngozi hiyo tupu humsaidia kutoa joto mwilini, na kwa jua la Meatu au Itilima hiyo ni faida ambayo hakuna kishungi cha Silkie kinachoifikia. Wapo wanaomcheka kishingo kwa sura yake. Wamcheke tu, yeye anaendelea kutaga wakati wenye manyoya mengi wamejilaza kivulini mdomo wazi.

Mazingira ya Simiyu yanawaonea zaidi wenye manyoya miguuni. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa hugandamana kwenye vidole vya Pekin na kukauka kama saruji. Ndani yake vidonda huanza bila kuonekana. Manyoya hayo pia huficha utitiri wa miguu, unaoinua magamba na kuyafanya makavu na mazito kama gome. Mnunuzi ainue manyoya ya mguu atazame magamba: yanatakiwa yalale bapa na kung'aa. Yakiwa yamenyanyuka, kuku ameshaingia na mgonjwa mwingine. Nyumbani, miguu huoshwa kwa maji ya sabuni na kupakwa mafuta mazito ya mgando kwa kurudia, ili utitiri ukose hewa. Silkie naye asinyeshewe, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji.

Na ukubwa haumlindi yeyote dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya tone moja la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3, ni ile ile kwa Kuchi na kwa Serama. Kuku aliyetoka mnadani atengwe kwanza, asichanganywe na wa nyumbani siku hiyo hiyo.

Yai la mtoto

Dai la tatu la muuzaji lilikuwa mayai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, linataka mtoto wa umri huo apate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Kwa familia ya kijijini, yai ndilo lililo karibu zaidi.

Yai la bantamu lina uzito wa gramu 30 hivi, mengine pungufu. La Ching'wekwe ni kama 37, la Kuchi kama 45. Ubora ni ule ule. Ute ni ute na kiini ni kiini, na anayeuza mayai ya bantamu kwa bei kubwa akidai yana nguvu ya pekee kwa watoto anauza maneno. Tofauti ni kiasi tu. Mayai 3 ya bantamu ni sawa na 2 ya Kuchi. Mama aliyezoea kumpa mtoto yai moja aongeze hesabu. Na lichemshwe hadi kiini kigande.

Kuhusu "anataga kila siku", bantamu wengi, hasa Pekin na Silkie, wanapenda sana kuatamia, na kuku anayeatamia hatagi. Mtu anayetaka mayai ya mezani ataona kasoro hapo. Anayetaka vifaranga ataona neema: Silkie mmoja anaweza kuangulia mayai ya kuku wengine kwa uvumilivu mkubwa, ila kwa mwili wake mdogo asiwekewe zaidi ya 5 au 6 ya Kuchi, yale ya pembeni yasije yakapoa.

Kuku alale wapi

Kwa kuwa ni mdogo na ni wa mtoto, bantamu huishia ndani. Analala chini ya kitanda, kwenye boksi, wakati mwingine kitandani kabisa. Nyumba nyingi huingiza kuku ndani usiku kwa kuogopa wezi na kicheche, kwa hiyo hakuna anayeshangaa.

Utafiti uliofanywa vijijini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta mambo mawili yanayopingana. Watoto wa kaya zenye kuku walielekea kuwa na urefu bora kwa umri wao. Lakini kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya kulala, uhusiano uligeuka kuwa mbaya. Maelezo yanayotolewa ni kinyesi: mtoto anayetambaa huokota, hulamba vidole, na vijidudu vinavyouchosha utumbo siku baada ya siku huufanya ushindwe kunyonya chakula vizuri, hata pale ambapo yai limeliwa. Wataalamu wa afya pia hushauri mtoto wa chini ya miaka 5 asishike vifaranga, kwa sababu ya bakteria wa salmonela, na mkubwa akishawashika anawe kwa sabuni. Kumbusu kuku mdomoni, hata wa kwenye picha nzuri, hapana.

Faida moja ya udogo ni kwamba banda lake ni rahisi. Bantamu 5 wanatosha kwenye kibanda cha mbao au fito kilichoinuliwa kufika kiunoni, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, fimbo ya kutulia iwekwe chini kwa Silkie na Chabo ambao hawarukii mbali, na mlango wenye komeo la kweli, kwa maana kicheche anajua kufungua kamba. Kikiegemea ukuta wa chumba cha wazazi, mwizi akigusa mlango usiku atasikika.